Kuwauliza Wafanyakazi Hali Zao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanachama wenzangu, nanyi vijana mlioketi huko nyuma kwenye madawati ambayo wengine wetu tuliyachora majina yetu na tukachapwa kwa ajili hiyo:

Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme machache juu ya kupima ari ya wafanyakazi kwa njia ya dodoso. Nilijua sababu yake. Kamati yetu imekwisha kuandaa fomu ya maswali 30 ya kugawiwa kwa walimu na watumishi wa shule hii, ili tujue kwa nini baadhi yao huomba uhamisho kabla hawajamaliza mwaka wa pili. Nia ni njema, na mimi ni mmoja wa waliochanga fedha za kuichapisha. Lakini nimeisoma fomu hiyo mara mbili, na imenikumbusha jambo nililolifanya kwa mikono yangu katika wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, ambalo sijapata kulieleza mbele ya watu. Nimeona nilieleze leo, kabla fomu hazijatoka kabatini.

Kwanza niwaeleze vijana dodoso ni kitu gani. Ni karatasi yenye maneno kama haya: "Napewa vifaa vya kutosha vya kufanyia kazi." Mfanyakazi anachagua jibu moja kati ya matano, kuanzia nakubali kabisa hadi nakataa kabisa. Mtindo huo wa kupanga majibu kwa ngazi ulitolewa mwaka 1932 na Mmarekani aitwaye Rensis Likert, na mpaka leo jina lake limebaki kwenye mizani hiyo. Majibu hupewa namba, 5 hadi 1, namba hujumlishwa, na mkubwa wa kazi huletewa wastani. Siku hizi wataalamu hawaridhiki kuuliza kama mtu ameridhika tu; wanataka kujua kama moyo wake umo kazini, maana mtu anaweza kuridhika sana na kazi ambayo haifanyi.

Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Sisi tuliomaliza kidato cha nne wakati mkoa huu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, kabla haujaitwa Kagera mwaka 1979, tulikuta mabaraza ya wafanyakazi yamekwisha kuanzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, na Mwongozo wa TANU wa 1971 umekwisha kuwakataza viongozi kiburi na ubwanyenye. Tuliukariri darasani. Shabaha ya baraza ilikuwa hiyo hiyo ya dodoso: sauti ya mtu wa chini ifike juu. Tofauti ni kwamba barazani mtu husimama na uso wake, wakubwa wakimwona, na ndiyo maana mara nyingi wanaosimama ni wale wale watatu. Dodoso lilikuja na ahadi kwamba hata yule wa nne, ambaye hasimami, atasikika. Ahadi hiyo ndiyo kiini cha hotuba yangu.

Mwaka 2006 nilikuwa afisa utumishi katika shirika moja lililosaidia zahanati na vituo vya afya vijijini. Sitalitaja. Tulikuwa na wafanyakazi sitini na kidogo, waliotawanyika kuanzia upande wa Kabanga, mpakani na Burundi, mpaka Rulenge, na kwa upande wa Biharamulo kupitia Nyakahura na Lusahunga. Vituo vingine vilikuwa na watu watatu tu. Wafanyakazi walikuwa wakituacha. Wazee wa hapa mnakumbuka kwamba hayo hayakuanza siku ile: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama saa 24, kambi zikafunguliwa Benaco na kwingineko, mashirika yakaja na magari meupe na mishahara ambayo Ngara haijapata kuiona, na wauguzi na walimu wetu wengi wakahamia huko. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini mazoea ya mtu kuipima kazi yake kwa kutazama ya jirani hayakurudishwa.

Basi nikatengeneza dodoso. Nililitoa katika kitabu cha Kiingereza, nikalitafsiri usiku kwa taa ya chemli, na kulipeleka mwenyewe kituo hadi kituo. Watu walijaza mbele yangu. Wastani ulipita 4 katika 5. Mkubwa wangu alifurahi akaupeleka kwa wafadhili. Kabla mwaka haujaisha, watu kadhaa waliojaza "nakubali kabisa" walikuwa wamekwisha kuondoka.

Kosa lilikuwa nini? Ndugu zangu, sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri. Mtu ana msiba nyumbani, atajibu nzuri, kisha baada ya kitambo kidogo atasema "ila." Habari yenyewe imo baada ya hiyo "ila." Mimi nilikuwa mgeni niliyefika na gari, nikauliza habari, nikaandika "nzuri," nikaondoka. Wenzetu wa Marekani waliligundua jambo hilo zamani. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kuanzia mwaka 1928, walihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzo waliuliza maswali yaliyokwisha kupangwa. Wakaona watu wanajibu na kurudi kwenye jambo lao wenyewe ambalo halimo katika karatasi. Wakaacha maswali, wakamwachia mfanyakazi aseme apendavyo, na mahojiano yakarefuka kutoka nusu saa hadi saa moja na nusu. Kwa lugha yetu, walikuwa wameanza kuingojea "ila."

Tena Kiswahili changu cha tafsiri kilinicheka. Niliuliza: "Je, hujapata likizo mwaka huu?" Mtu ambaye hajapata alijibu "Ndiyo," yaani ndiyo, sijapata, kama tusemavyo sote. Karani wetu, aliyezoea karatasi za Kiingereza, akamwandika kuwa amepata. Kuna swali jingine mashuhuri, mojawapo ya yale 12 ya kampuni ya Gallup, linalouliza kama una rafiki yako mkubwa hapo kazini. Mama mmoja, muuguzi, alinishika mkono akaniuliza taratibu kama karatasi hii itafika kwa mume wake. Nililifuta swali lile siku ile ile.

Mara ya pili nikajiona mjanja. Niliacha nafasi ya mtu kuandika maneno yake, nikaahidi kwa mdomo na kwa maandishi kwamba hakuna jina litakalojulikana, nikatoa na bahasha. Safari hii watu waliandika. Waliandika mpaka pembeni mwa karatasi. Lakini juu ya fomu, kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, nilikuwa nimeweka mistari minne: kituo, kazi, jinsia, miaka ya utumishi.

Katika kituo kimoja chenye watumishi watatu, mwanamke alikuwa mmoja, naye alikuwa mkunga. Aliandika kwamba anazalisha usiku kwa tochi, betri anazinunua kwa fedha yake, na amekwisha kulisema mara tatu. Sikuandika jina lake popote. Niliandika jedwali: kituo fulani, muuguzi mkunga, mwanamke, miaka sita, na maneno yake kama yalivyo. Jedwali likaingia katika taarifa, taarifa ikafika kwa mfawidhi wake, na hakuhitaji jina. Baada ya wiki chache nilipitishiwa mezani barua ya uhamisho wake kwenda kituo cha mbali zaidi, kwa manufaa ya kazi. Niliiona, nikajua inatokana na nini, nikaitia saini kama masijala ilivyotaka. Hilo nalo sijapata kulisema.

Hakwenda. Aliacha kazi. Miaka miwili baadaye nilimkuta Benaco penye stendi, ana duka dogo la dawa baridi na sabuni. Nilitaka kupita upande wa pili, akaniita. Alinisalimu vizuri kabisa, akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu nzuri. Kisha akasema, "Kaka, zile betri zilinunuliwa?"

Hazikuwa zimenunuliwa. Nilikuwa nimepanga majibu yote kwa asilimia, kwa vituo, kwa jinsia, nilikuwa na michoro ya rangi, na hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyekwenda dukani na fedha za betri nne.

Nimesimulia hayo kwa sababu madonda mawili yale hutajwa pia na wasomi. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa ari ya watumishi wa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ilionekana kwamba karibu nusu ya madaktari na wauguzi hawakuridhika na kazi zao. Mishahara ilitajwa, hilo mngelijua bila utafiti. Lakini yalitajwa vile vile ukosefu wa vifaa vya kumhudumia mgonjwa, mawasiliano mabaya baina ya watumishi na wakubwa, kutoshirikishwa katika maamuzi, na watumishi kuona kwamba hali zao hazijaliwi. Muhimbili ni hospitali ya maelfu, na mtu anaweza kujificha katika asilimia. Katika zahanati ya watu watatu asilimia haifichi mtu. Asilimia 33 ni fulani.

Sasa nirudi kwenye fomu yetu. Mstari wa nne unamtaka mwalimu aandike somo analofundisha. Ndugu Mwenyekiti, shule hii ina mwalimu mmoja wa fizikia. Ana haki gani ya siri tukishamwuliza somo? Mstari wa tano unataka kidato, wa sita unataka mwaka wa kuajiriwa. Mtoto wa kidato cha kwanza hapa ataweza kuzichambua karatasi hizo na kutaja majina. Kanuni niliyoifuata tangu kisa kile ni kwamba sitoi hesabu ya kundi lolote lenye watu chini ya kumi. Nikikosa kumi, naunganisha. Kwa shule hii maana yake ni makundi mawili basi, walimu na watumishi wengine, na wapishi, walinzi na karani wawe pamoja.

Fomu zikijazwa zisirudi kwa Mkuu wa Shule, na ananisamehe kwa kusema hivyo mbele yake. Zitiwe kwenye sanduku lenye kufuli, lifunguliwe mbali na hapa na mtu asiyeyajua maandishi ya mikono yao. Maneno waliyoyaandika yasinukuliwe kama yalivyo, maana mwandiko hufichwa kwa kupiga chapa lakini msemo wa mtu hauna mahali pa kufichwa. Mwenzetu mmoja wa kamati amependekeza itumike simu, kila mtu ajibu kwa namba yake. Hapo namba ya simu ndiyo jina.

Na msiniletee wastani. Walimu kumi wakijibu juu ya nyumba zao, watano wenye nyumba nzuri wakatoa 5, na watano wanaovujiwa wakatoa 1, wastani ni 3. Mtasoma taarifa kwamba hali ya nyumba ni ya katikati, wakati hakuna hata mwalimu mmoja anayeishi katika nyumba ya katikati. Andikeni wangapi wamesema 1. Na waulizeni pia waliokwisha kuhama. Wako Muleba, wako Kahama, wengine simu zao mnazo. Wao hawaogopi tena.

Mpunguze maswali. Thelathini ni mengi, na angalau kumi kati yake yanauliza mambo ambayo chama chetu hakina uwezo wa kuyagusa. Tukimwuliza mtu juu ya kupandishwa daraja, atadhani tunaweza kumpandisha. Tuulize juu ya nyumba, maji, vitabu, taa, vifaa vya maabara, maana hivyo tunaweza kuvinunua. Mweka hazina amenionyesha kwamba fedha ya kuchapisha na kusafirisha fomu imepatikana yote. Nilimwuliza fedha ya kutekeleza yatakayosemwa iko katika fungu gani, akafungua daftari, akalifunga.

Kwa hiyo naleta maombi mawili, na ninaomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. La kwanza, mstari wa nne, wa tano na wa sita ifutwe kwa wino mweusi katika kila nakala. Nakala ziko 80, vijana wa kidato cha tatu watanisaidia jioni hii. La pili, fomu zisigawiwe mpaka hapo tutakapokuwa tumechanga kitu cha kuanzia. Mimi nimekuja na bahasha yangu, na nimekwisha kumkabidhi Mweka hazina kabla ya kupanda hapa jukwaani.