Mji Ulioazima Watani



Mjini Tanga, katika barabara za Ngamiani ambazo hazikupewa majina bali namba, yapo mabaraza ya kahawa ambako hesabu ya mambo ya dunia hufungwa kila jioni. Bei ya mkonge, shughuli za bandari, vita vya nchi za mbali, yote hupita hapo na kutolewa hukumu kabla birika halijapoa. Liko shauri moja tu ambalo kila likifungwa hufunguliwa tena, nalo ni la klabu ya Coastal Union. Wapenzi wake huulizana: imekuwaje klabu iliyoanzishwa mwaka 1948, ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, leo icheze mechi nyingi za nyumbani huku mtazamaji akiweza kuchagua jukwaani mahali pa kunyoosha miguu?

Swali hilo si la Tanga peke yake. Songea wanajiuliza kuhusu Majimaji, Mbeya wanaikumbuka Tukuyu Stars iliyokuwa bingwa mwaka 1986, na Mwanza waliingoja Pamba irudi ligi kuu hadi mwaka 2024. Lakini Tanga yafaa itazamwe kwa karibu zaidi, kwa kuwa mji ule ulikuwa na kitu ambacho miji mingi ya mikoani haikuwa nacho, na ambacho barazani hakitajwi sana siku hizi.

Kwanza zisikilizwe hoja za wenyewe. Mzee aliyestaafu bandarini husema kwamba timu imeshuka kiwango, basi. "Mtu hanunui samaki aliyeoza kwa kuwa mvuvi ni jirani yake," ndivyo asemavyo, na wenzake hucheka. Hoja yake ina uzito. Mwaka 2016 Mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu katika ligi kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu ziliteremka daraja msimu huo huo. Nyumba ikifiwa na watatu kwa siku moja, majirani hawaulizi kwa nini ngoma haipigwi.

Hata hivyo ushindi nao ulikuja, na mabishano hayakwisha. Coastal ilirudi ligi kuu mwaka 2018. Tarehe 2 Julai 2022 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha dhidi ya Yanga, ikatoka sare ya mabao 3 kwa 3, yote matatu ya Coastal yakifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu, kabla ya kushindwa kwa penalti. Msimu wa 2023/2024 ikamaliza ligi katika nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata nafasi ya kucheza Afrika, ambako ilitolewa katika hatua ya awali na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa klabu ya mkoani, hayo si mafanikio madogo. Kama ushindi peke yake ungekuwa dawa, mgonjwa angekuwa amekwisha kuinuka kitandani.

Kijana wa bodaboda, ambaye husikiliza mazungumzo hayo akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, huwa na jibu lake. "Wazee wangu, mpira uko sebuleni. Nani atoe kiingilio?" Naye hakosi ushahidi. Mechi za ligi zimeonyeshwa na Azam TV tangu mwaka 2013, na mwaka 2021 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimeziokoa klabu nyingi ambazo zamani zilisafiri kwa kukopa nauli. Kuitukana televisheni, basi, ni kumtukana mtu anayelipa nauli ya basi.

Isitoshe, hoja ya sebule haisimami vizuri ikitazamwa kwa makini. Kijana huyo huyo, Jumamosi jioni, hutoa fedha yake akaingia kibanda umiza, akabanana juu ya benchi na wenzake kwa saa mbili katika joto la pwani, ili aone timu mbili za Uingereza. Hakukataa kutoa kiingilio wala kubanwa. Kelele za umati hazimkeri hata kidogo. Alichokikataa ni kwenda mahali ambapo hamjui mtu yeyote uwanjani. Ukimwuliza habari za beki wa kulia wa Arsenal atakueleza hadi goti linalomsumbua. Ukimwuliza habari za beki wa kulia wa Coastal Union atakuna kichwa, kwa sababu beki huyo pengine alifika Januari na ataondoka Juni.

Mstaafu wa reli naye hulaumu uchumi, na hakuna Mtanga atakayembishia. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita Tanga. Kisha zikaja kamba za plastiki, mashamba yakageuka vichaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hata kiwanda cha mbolea kikafungwa. Watu waliopokea mshahara siku moja na kwenda Mkwakwani pamoja walitawanyika. Hilo ni kweli. Lakini yafaa pia kukumbuka kwamba umaskini haujawahi kumzuia Mtanga asiende uwanjani siku Simba au Yanga wanapokuja.

Na hapo ndipo penye kiini cha shauri lenyewe. Siku ya Simba au Yanga, Mkwakwani hujaa mapema. Wauza kashata na maji ya chupa hufanya biashara ya mwezi mzima. Lakini majukwaa huwa mekundu, au huwa ya kijani na njano, na bao la mgeni likiingia kelele zake husikika hadi Ngamiani. Mwenyeji huwa mgeni kwake mwenyewe. Katika ligi ya timu 16 kila timu hucheza nyumbani mara 15. Kwa hiyo klabu ya mkoani ina siku mbili za karamu na siku 13 za mfungo, na hata hiyo karamu wageni ndio wanaoila. Jina la utani la Coastal ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Jina hilo latia uchungu siku kama hiyo.

Watu wa Tanga hawakuzaliwa hivyo. Mji ule ulikuwa na watani wake. African Sports, ambao huitwa Wana Kimanumanu, walianzishwa mwaka 1936, mwaka ule ule ilipozaliwa klabu ambayo baadaye iliitwa Simba, na mwaka mmoja tu baada ya Yanga. Coastal ilipokuja miaka 12 baadaye, mji ukapata pande mbili. Ndugu wawili wangeweza kula sahani moja mchana na jioni wakakaa majukwaa mbalimbali. Mwanamke aliyeolewa upande wa pili alijua wiki ya pambano si wiki ya kwenda kwa mama. Katika hali kama hiyo mtu haendi uwanjani kuona kandanda safi. Huenda kwa sababu asipokwenda, kesho hatakuwa na la kusema sokoni, kazini wala msibani. Aliyefungwa alikuwa jirani, na aliyefunga alikuwa jirani.

Utani huo ndio uliojaza majukwaa hata siku ambazo mpira ulikuwa mbovu. Na ulipopungua, watu hawakuacha utani, maana binadamu hawezi kuishi bila huo. Waliuazima wa Dar es Salaam. Leo Ngamiani wamegawanyika kama zamani, ila ugomvi wanaogombea ni wa Kariakoo. African Sports iliteremka mwaka 2016 baada ya msimu mmoja tu katika ligi kuu, na hadi msimu wa 2024/2025 ilikuwa haijarudi. Wapo wapenzi wa Coastal wanaolifurahia jambo hilo, na wakikutana na Mkimanumanu humwuliza kama timu yake ingali hai. Hawaelewi kwamba wanaicheka sanduku lao wenyewe la mapato ya mlangoni.

Jambo la pili lafuata hilo la kwanza. Utani huhitaji watoto wa mji ndani ya jezi. Sopu, aliyefunga mabao yale matatu ya Arusha, alisajiliwa na Azam mwaka huo huo wa 2022. Juma Mgunda, mchezaji wa zamani wa Coastal aliyekuwa kocha wake katika fainali ile, aliitwa Simba Septemba ya mwaka huo huo. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Mtu hufuata riziki, na klabu ndogo duniani kote huuza. Lakini anayeuza mazao sharti awe na shamba. Coastal iliwahi pia, mwaka 2018, kumsajili mwanamuziki Alikiba. Lilikuwa jambo la kuchangamsha, na huenda liliwaleta baadhi ya akina dada ambao hawakuwahi kufika Mkwakwani, lakini umati wa namna hiyo hufuata mtu mmoja na huondoka naye.

Shamba lenyewe, ndugu walimu, liko mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa katibu wa klabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa fikra kwamba michezo inapoteza wakati wa masomo. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati huo ndiye leo mwanamume wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto, mwenye uwezo wa kununua tikiti. Hakupata kumwona mwenziwe wa darasani akichaguliwa kuchezea mkoa. Hana wa kumfuata Mkwakwani. Mashindano yalirudishwa, ni kweli, lakini viwanja vingi vya shule vilikuwa vimekwisha kumegwa kwa ajili ya nyumba na vibanda, na mwalimu wa michezo katika shule nyingi ni jina tu ubaoni.

Kwa watumishi wa umma liko jingine. Klabu kongwe za nchi hii zilijengwa na watu wa kalamu: makarani, walimu na wahasibu, waliokaa jioni na daftari la wanachama, wakaandika ada ya kila mmoja na kusoma mumkhutasari mbele ya mkutano. Siku hizi mabarazani hungojwa tajiri. Watu husema, Simba walimpata Mohammed Dewji, ambaye mwaka 2017 alishinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, kwa nini Tanga nao wasipate wao? Wanasahau kwamba kanuni huwaachia wanachama asilimia 51, na kwamba tajiri, kabla ya kutoa fedha, hutaka kujua hao wanachama ni wangapi, wako wapi, na nani kati yao amelipa ada. Klabu yenye maelfu ya wapenzi na wanachama hai wachache haina cha kumwuzia mtu isipokuwa jina.

Kiwanja nacho kisiachwe nje ya lawama. Mkwakwani, kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Viwanja vingi vya namna hiyo vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi wa itikadi zote kabla ya mfumo wa vyama vingi kuanza mwaka 1992, na mwenye mali ana wajibu mkubwa kuliko kukusanya kodi ya pango. Tarehe 1 Machi 2025 Coastal Union ilikuwa mwenyeji wa Simba. Mechi hiyo ya "nyumbani" ilichezwa Sheikh Amri Abeid, Arusha, zaidi ya kilometa 400 kutoka Tanga, na Simba wakashinda mabao 3 kwa 0, yote ya Steven Mukwala. Moja ya zile siku mbili za karamu, basi, ililiwa katika mji mwingine. Mwuza kashata wa Mkwakwani hakupata hata senti. Anayeuliza umati umekwenda wapi na aanzie hapo: siku hiyo timu ndiyo iliyokwenda.

Lipo pendekezo linalotajwa tajwa barazani, ingawa si kwa sauti kubwa. Kabla ya kila msimu kuanza, Coastal na African Sports wacheze pambano moja Mkwakwani, hata kama wako madaraja tofauti, wanafunzi waingie kwa kiingilio kidogo, na kila timu ilazimike kuanza na vijana wasiopungua watano waliotoka katika shule za mkoa huo. Sehemu ya mapato inunue mipira na nyavu za magoli kwa shule hizo. Gharama yake si kubwa. Kinachotakiwa ni viongozi wa pande mbili kukaa meza moja.

Mzee mmoja wa Kimanumanu alipoelezwa habari hiyo aliweka kikombe chake chini, akasema atafika na wajukuu zake wote. Akaulizwa kama atakubali kukaa na Wagosi jukwaa moja, maana watu watakuwa wachache.

"Hata tukiwa kumi," akajibu, "mimi nakaa upande wangu."