Ujira wa Mwanafunzi Mchezaji ni Elimu



Ni vigumu kulitaja taifa jingine ambalo limeufunga uwanja wa michezo na chuo kikuu kwa kamba moja kama Marekani. Mpira unaopendwa huko kuliko michezo yote si huu wa miguu unaochezwa Afrika Mashariki. Ni mpira wenye umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kinga za mabega kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yao ni kugongana. Kuanzia Septemba, kila Jumamosi, vyuo vikuu hupambana mbele ya umati mkubwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huchukua watu zaidi ya 100,000. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo mtumishi wa umma anayepokea mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, wala jaji, wala mkuu wa chuo. Ni kocha.

Mahali penye fedha na fahari nyingi kiasi hicho, wachezaji hutafutwa kwa udi na uvumba. Na wanaotafutwa ni watoto wa shule. Hilo ndilo jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu ambaye kazi yake ni kulea vijana. Mtoto wa sekondari anapofuatwa na watu wazima kwa ajili ya nguvu za mwili wake, ni nani anayeilinda akili yake?

Utaratibu wenyewe huenda hivi. Wajumbe wa vyuo huzunguka katika shule za sekondari wakitazama mechi na kanda za video. Kijana wa miaka 15 au 16 akionekana kuwa na mbio na kimo, jina lake huandikwa, naye hupangiwa daraja kwa idadi ya nyota, mpaka tano, mithili ya hoteli. Kisha barua na simu humiminika. Kocha hufika nyumbani, huketi na wazazi, husifu chakula cha mama na kuahidi kumtunza kijana kama mwanawe. Kijana hualikwa kutembelea chuo kwa gharama za chuo. Hatimaye, mwezi Desemba au Februari, hutia sahihi, aghalabu katika ukumbi wa shule mbele ya wenzake na waandishi wa habari, huku kofia za vyuo vinavyomgombea zimepangwa mezani. Akiivaa mojawapo, ukumbi hulipuka kwa shangwe. Ni nadra ukumbi huo kujaa kwa ajili ya mwanafunzi aliyefaulu hesabu.

Je, kijana huyo huahidiwa nini? Tangu mwaka 1956 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kimeruhusu vyuo kumlipia mchezaji ada, malazi, chakula na vitabu. Ahadi hiyo ina maana kubwa. Kwa mtoto wa mkulima wa Georgia, au wa mfanyakazi wa kiwanda wa Ohio, ada ya chuo kikuu ni mlima asioweza kuupanda peke yake. Lakini mwaka 1973 vyuo vilipitisha kanuni kwamba ufadhili huo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kocha aliyekuwa hapendezwi na mchezaji, au aliyepata mwingine mwenye mbio zaidi, aliweza kuacha kuuendeleza. Ni kuanzia mwaka 2015 tu ambapo vyuo vya makundi makubwa matano vilijizuia kumnyima mchezaji ufadhili kwa sababu ya kiwango chake cha uchezaji.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulishika ni hili: katika mapatano hayo ya asili, elimu si zawadi wala pambo. Elimu ndiyo ujira. Kijana anayetoa jasho lake miaka minne kisha akaondoka bila elimu amefanya kazi bila kulipwa, hata kama picha yake imetundikwa ukutani.

Wapo watakaosema kwamba kijana hakwenda chuoni kutafuta shahada, bali alikwenda kutafuta njia ya kuingia ligi ya kulipwa, ambako mamilioni ya dola humngojea. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa sababu ligi hiyo humtaka kijana angoje miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari, na karibu wote hungojea chuoni. Hata hivyo hesabu zenyewe zitazamwe. Wavulana wanaocheza mpira huo katika sekondari za Marekani ni takriban milioni moja. Kwa takwimu za NCAA, ni kama 7 tu kati ya kila 100 wanaofika kuuchezea chuo chochote kilicho chini ya chama hicho, kikiwa kikubwa au kidogo. Kati ya wachezaji wa vyuo waliofikia wakati wa kuchaguliwa, wanaochukuliwa na ligi ya kulipwa hawafiki 2 kati ya 100. Ligi yenyewe ina timu 32, na kila mwaka huchagua vijana wapatao 260 tu kutoka nchi nzima. Hata hao waliochaguliwa hawakai muda mrefu. Chama cha wachezaji kimezoea kutaja wastani wa miaka mitatu na kitu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa miongoni mwa wachache mno waliofanikiwa, na bado akajikuta ana umri wa miaka 26, kazi imekwisha, na miaka 40 ya maisha ya kazi ingali mbele yake.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa kijana huyu mbachao ni darasa, na msala upitao ni ligi.

Yaliyowapata baadhi ya vijana yanaonyesha jinsi mbachao huo unavyoweza kuporwa polepole, bila kelele. Dexter Manley alikuwa mlinzi hodari wa timu ya Washington, mshindi wa ubingwa wa ligi mara mbili. Mwaka 1989 alisimama mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti akaeleza, huku machozi yakimtoka, kwamba alipita shule zote na kukaa miaka minne katika chuo kikuu bila kujua kusoma sawasawa. Alikuja kujifunza kusoma akiwa mtu mzima. Walimu wangapi walimpitisha darasa hadi darasa? Kila mmoja bila shaka aliona anamfanyia hisani. Kumbe kila alama ya bure iliyoandikwa katika daftari ilikuwa deni lililoandikwa kwa jina la kijana mwenyewe.

Wala si mambo ya zamani tu. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, chuo chenye sifa kubwa, uchunguzi ulioagizwa na chuo chenyewe na kutolewa mwaka 2014 ulibaini kwamba kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, palikuwa na madarasa yasiyo na mihadhara wala mhadhiri. Mwanafunzi aliandika insha moja, na mara nyingi aliyeisahihisha na kutoa alama za juu alikuwa karani wa ofisi. Wanafunzi zaidi ya 3,000 walipita humo, karibu nusu yao wakiwa wachezaji. Mwaka 2017 NCAA iliamua kwamba haiwezi kukiadhibu chuo hicho, maana madarasa hayo yalikuwa wazi pia kwa wanafunzi wasio wachezaji. Chuo kikanusurika. Miaka ya wale vijana haikurudi.

Tena uko upande wa mwili. Mwaka 1974 kijana Kent Waldrep, aliyekuwa akikichezea Chuo Kikuu cha Texas Christian, alivunjika uti wa mgongo katika mechi dhidi ya Alabama, akapooza. Aliposhtaki kudai fidia apewayo mfanyakazi aliyeumia kazini, mahakama ya rufani ya Texas iliamua mwaka 2000 kwamba hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mwanafunzi mchezaji. Ndugu watumishi wa umma, ninyi mnaojua thamani ya neno moja katika waraka, angalieni neno hilo. Walter Byers, aliyekuwa mtendaji mkuu wa NCAA kwa zaidi ya miaka 30, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo la mwanafunzi mchezaji lilibuniwa katika miaka ya 1950 ili kuepa madai ya fidia ya aina hiyo. Kama basi mchezaji huitwa mwanafunzi siku ya kudai fidia, haki itakuwa wapi asipotendewa kama mwanafunzi siku ya masomo? Tangu mwaka 1991 kanuni zimeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa juma. Lakini wachezaji wa vyuo vikubwa walipoulizwa wenyewe, walitaja saa zaidi ya 40 ukijumlisha safari, matibabu na mazoezi yaitwayo ya hiari. Hizo ni saa za kibarua kamili, na masomo huanza pale kibarua kinapokwisha.

Inasemekana sasa kwamba tatizo limekwisha, kwa sababu wachezaji wanapata fedha. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao katika matangazo. Ni kweli pia kwamba mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 yaliruhusu chuo kugawa kwa wachezaji wake wa michezo yote hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Ni haki mwenye jasho apate chake. Lakini fedha hizo huwaangukia zaidi wale wachache ambao majina yao yanauza. Zaidi ya hayo, zimeongeza kishindo cha kuhamahama. Kijana huvutwa chuo hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, na kila ahamapo baadhi ya masomo aliyofaulu huenda yasihesabiwe kuelekea shahada yake. Fedha alizopata akiwa na miaka 19 zinaweza kwisha kabla hajafika 25. Kilichomo kichwani hakina siku ya kwisha mkataba.

Isidhaniwe kwamba mpira na elimu ni maadui kwa asili yao. La hasha. Alan Page alihitimu Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1967, akawa nguzo ya timu ya Minnesota, na mwaka 1971 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Alisomea sheria huku akicheza, akapata shahada yake mwaka 1978. Mwaka 1992 alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo la Minnesota, akakaa humo hadi mwaka 2015. Mwaka 1988, jina lake lilipoingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, aliyemchagua kumtambulisha kwa umati hakuwa kocha. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Naye Myron Rolle wa Chuo Kikuu cha Florida State alipewa nafasi ya kwenda kusoma Oxford. Aliuahirisha mpira wa kulipwa kwa mwaka mzima ili asome. Aliporudi alichaguliwa mwaka 2010 katika raundi ya sita. Mpira haukumpa nafasi kubwa, lakini hakuanguka, kwa kuwa alikuwa na pa kusimama. Alisomea udaktari akawa mpasuaji wa ubongo.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki kama yanavyoonekana. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikisajili vijana wa huku kwa miaka mingi katika michezo mingine. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbia kwa jina la Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na mwaka 1980 akapata nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kuingia ligi ya kulipwa. Kwa hiyo mjumbe mwenye barua ya ufadhili anaweza kubisha hodi Mwanza au Eldoret kama abishavyo Ohio.

Siku hiyo, mwalimu ndiye mtu pekee aliye mezani ambaye hana faida katika ushindi wa timu. Yampasa aulize yale ambayo mzazi huenda asijue kuyauliza. Ufadhili ni wa miaka mingapi, na umeandikwa wapi? Kijana akiumia, nani atalipa hospitali, na je, ataendelea kusoma? Kati ya wachezaji walioingia chuoni humo miaka sita iliyopita, wangapi wamehitimu, na katika masomo gani? Akitaka kusoma uhandisi ambao maabara yake ni alasiri, wakati wa mazoezi, kocha atamruhusu? Kocha mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kuyajibu.

Na kabla ya siku hiyo kuna wajibu mzito zaidi, ambao haungoji mjumbe wala barua. Nao ni kukataa kumpa mchezaji alama ambayo hakuistahili, hata mechi ya fainali iwe kesho, na kumpa badala yake saa moja ya ziada baada ya mazoezi. Kijana anaweza kununa siku hiyo. Goti lake litakapokataa kukimbia, saa ile ndiyo itakayombeba.