Fumbo Lililonidai Shilingi Elfu Ishirini



 

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu, nimeombwa nizungumze juu ya hisabati. Najua wapo ambao wakilisikia neno hilo huanza kuangalia mlango. Tulieni. Leo ni mafumbo tu, kama vile vitendawili tulivyotegewa na bibi tukingoja adhana ya magharibi. Na mwisho nitawaeleza fumbo moja lililonitoa jasho, kwa sababu mdaiwa nilikuwa mimi.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, Ramadhani iliingia nikiwa nyumbani. Nilitaka mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, na wenzake wa mtaani wapate shughuli baada ya tarawehe. Nikawaandikia mchezo wa kompyuta. Usifikirie magari na bunduki. Ulikuwa mchezo wa maandishi matupu: kompyuta inakwambia uko wapi, inakuuliza swali, nawe unaandika jibu. Michezo ya namna hiyo ina umri. Mmarekani Will Crowther aliandika mmoja katikati ya miaka ya 1970, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Ndani yake unatembea pangoni kwa maneno tu, bila picha hata moja. Mimi badala ya pango niliweka vyumba vya historia ya hisabati.

Chumba cha kwanza ni Baghdad, kiasi cha mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun. Anakupokea Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, na neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake. Lakini zile x na y zinazokutisha darasani hazimo kitabuni mwake. Kila kitu amekiandika kwa maneno. Namba isiyojulikana anaiita kitu, au mzizi. Na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe anauita mali, neno lile lile tunalolitumia sisi. Basi anakutegea: mali pamoja na mizizi yake kumi ni dirhamu 39. Mali ni ngapi?

Njia anayokufundisha ni hii. Chukua nusu ya kumi, ni tano. Tano mara tano ni 25. Ongeza 39, zinakuwa 64. Mzizi wa 64 ni nane. Toa ile tano, inabaki tatu. Kwa hivyo mzizi ni tatu na mali ni tisa. Hebu jaribu: tisa ukiongeza thelathini unapata 39. Wale vijana walipoona hakuna x wala y, walimaliza kabla chai haijapoa.

Chumba cha pili ni Misri, kwa Abu Kamil, aliyekuja baada ya al-Khwarizmi. Huyu aliandika kitabu kizima juu ya kununua ndege. Umepewa dirhamu 100, ununue ndege 100 kamili. Bata mmoja ni dirhamu tano, kuku mmoja dirhamu moja, na shomoro ishirini kwa dirhamu moja. Utanunua wangapi wa kila aina? Jibu ni moja tu: bata 19, kuku mmoja, shomoro 80. Lakini fumbo jingine la ndege alilihesabia majibu 2,676! Watu walistaajabu, na wasiomjua wakamtilia shaka, ndipo akaandika kitabu kuwaonyesha njia.

Chumba cha tatu ni mirathi. Al-Khwarizmi mwenyewe alisema kitabu chake ni cha mambo yanayowahitajia watu: mirathi, wasia, kugawana na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za wasia na mirathi. Nikaweka fumbo hili: mtu amefariki, madeni na wasia vimeshatolewa, wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mtoto mmoja wa kike, na shilingi 240,000. Kila mmoja apate ngapi?

Namba hizo sikuzitunga. Ndizo alizotuachia baba yetu.

Mdogo wangu akaandika: mama 30,000, kaka 140,000, dada 70,000. Kompyuta ikajibu: sahihi. Nikasema haiwezekani, kompyuta imekosea. Akanigeukia, akaniuliza polepole, "Kaka, mbona mimi nilipewa elfu hamsini?"

Nikachukua kalamu. Kanuni niliyoiweka kwenye mchezo ni ile niliyoihifadhi madrasa, kutoka aya ya 11 na ya 12 za Surat an-Nisaa: mke thumuni kwa kuwa kuna watoto, na kinachobaki mwanamume apate mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Thumuni ya 240,000 ni 30,000. Zinabaki 210,000, mafungu matatu ya 70,000. Lakini siku ya kugawa, waliogawa walinipa mimi thuluthi mbili za fedha zote badala ya thuluthi mbili za kilichobaki. Nikapewa 160,000, mama 30,000, na masalio 50,000 yakaenda kwa dada yangu. Hakuna aliyekusudia kudhulumu. Ila hakuna aliyehakikisha, na mimi niliyezisoma aya zile miaka yote nilikuwa nimeketi pale pale.

Baada ya daku nilimweleza mama. Aliniangalia kitambo, akasema neno moja: "Mrudishie."

Fedha nilishazitumia kwa karo. Naendelea kulipa kwa masomo ya ziada ninayofundisha. Nimeshalipa 12,000, zimebaki 8,000. Dada yangu anasema amenisamehe. Nimemwambia aendelee kuandika daftarini.

Ndugu zangu, katika usiku uliobaki wa mwezi huu, tegeaneni mafumbo nyumbani. Kompyuta si lazima, karatasi yatosha. Anzeni na hili: mwanamke amefariki, ameacha mume, watoto wawili wa kiume, mmoja wa kike, na shilingi 200,000. Mume hapa hupata robo. Mkimaliza, mpelekeeni ustadh wenu asahihishe. Na aliye na karatasi ya mirathi kabatini, aitoe aipigie hesabu upya, hasa ikiwa yeye ndiye aliyepata fungu kubwa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atuwezeshe kurudisha haki za watu tungali hai. Amin.