Umeme Mdogo wa Jua kwa Kibanda cha Shambani: Hesabu Ifanywe kwa Anga la Januari

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa



Mvua za kwanza zinapoanguka katika nyanda za Dodoma, mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, familia nyingi hufunga nyumba zao za kijijini na kuhamia shambani. Huko ndiko kunakolimwa, kunakopaliliwa na kunakolindwa. Nguruwe pori huja usiku, ngedere na nyani hufika alfajiri, na kwelea kwelea huvamia mtama na uwele unapokaribia kukomaa. Kwa miezi kadhaa kibanda cha shamba ndicho nyumba, na nyumba hiyo huangazwa kwa kibatari au kwa tochi ya simu ambayo chaji yake huisha kabla ya usiku wa manane.

Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, imeendelea kupeleka umeme vijijini na vitongojini. Hata hivyo, nguzo hufuata makazi. Haiwezi kufuata kila kibanda kilichojificha katika mabonde na miteremko ya milima ya Rubeho. Kwa kibanda cha namna hiyo, umeme mdogo wa jua ni jibu linalofaa, ila linataka mpango. Fedha inayonunua vifaa hivyo ni ile ya magunia ya karanga au alizeti yaliyouzwa mwaka uliopita. Ikipotea, hairudi hadi mavuno mengine.

Hoja ya mada hii ni moja. Mkulima hununua vifaa baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, wakati anga ni jeupe na kila paneli hufanya kazi vizuri. Lakini hukaa kibandani kati ya Desemba na Mei, na sehemu kubwa ya muda huo anga limefunikwa na mawingu. Anayepima mahitaji yake kwa jua la Agosti atakaa gizani mwezi Januari. Hesabu, kwa hiyo, ifanywe kwa anga la Januari.

Matumizi yaorodheshwe kwanza

Kabla ya kwenda dukani, familia ikae pamoja na kuandika kila kitu kitakachotumia umeme, nguvu yake kwa wati, na saa kitakazotumika kwa siku. Wati zikizidishwa kwa saa hupatikana wati-saa, nacho ndicho kipimo cha umeme unaotumika.

Ichukuliwe familia yenye kibanda cha vyumba viwili. Ndani kuna taa mbili za LED za wati 5 kila moja, zinazowaka saa 4: jumla wati-saa 40. Nje kuna taa moja ya wati 3 inayowaka usiku kucha, saa 11, kwa ajili ya ulinzi: wati-saa 33. Redio ya wati 5 husikilizwa saa 5: wati-saa 25. Simu kubwa moja na ya kitufe moja huchajiwa kwa wati-saa 20 hivi. Jumla ni wati-saa 118 kwa siku.

Kiasi fulani cha umeme hupotea katika waya, katika betri na katika vifaa vyenyewe. Ni busara kuongeza robo ya jumla, na hapo mahitaji ya familia hiyo hufikia wati-saa 150 kwa siku.

Orodha hiyo huonyesha pia kisichowezekana. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika kwa nusu saa tu hula wati-saa 500, yaani zaidi ya mahitaji ya familia nzima kwa siku tatu. Birika la umeme na jiko la umeme ni hivyo hivyo. Vifaa vinavyozalisha joto havina nafasi katika mfumo mdogo wa jua, na muuzaji anayeahidi kinyume chake asisikilizwe.

Paneli: saa ngapi za jua?

Jua huonekana kwa takribani saa 12 kila siku, lakini nguvu yake ya asubuhi na ya jioni ni ndogo. Wataalamu hujumlisha nguvu ya siku nzima na kuieleza kama saa za jua kamili, yaani jua la mchana katika anga safi. Siku ya kiangazi katika nyanda za kati hutoa saa tano hadi sita za namna hiyo. Kwa siku za mawingu, mpangaji makini huchukua saa tatu.

Tofauti yake ni kubwa. Wati-saa 150 zikigawanywa kwa saa 6 hutoa paneli ya wati 25. Zikigawanywa kwa saa 3 hutoa paneli ya wati 50. Paneli ya kwanza itaridhisha mwezi Agosti, wakati kibanda kitupu. Ya pili itafaa mwezi Januari, wakati familia imo ndani.

Betri ni mfano wa bwawa

Wakazi wa Mpwapwa wanalijua Bwawa la Mtera. Lilipokamilika mwaka 1980, kazi yake ya kwanza haikuwa kuzalisha umeme, bali kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu wakati wa mvua ili yateremke hadi Kidatu wakati wa ukame. Mitambo yake yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Waliopanga walitambua kwamba mto hautoi maji sawasawa mwaka mzima, na kwamba bila ghala mitambo ingesimama.

Betri ni ghala hilo kwa kibanda. Paneli kubwa yenye betri ndogo ni sawa na mvua nyingi inayopita juu ya ardhi isiyo na bwawa. Kwa msimu wa mawingu, betri inafaa kubeba mahitaji ya siku mbili, ambayo kwa familia ya mfano ni wati-saa 300.

Hapa ndipo wengi hukosea. Betri ya risasi na tindikali, iwe ya maji au kavu, haipaswi kutumika hadi iishe. Ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, uhai wake hupungua upesi. Ili itoe wati-saa 300 kwa usalama, inabidi iwe na wati-saa 600. Kwa volti 12, hiyo ni betri ya ampea-saa 50. Betri ya lithiamu huvumilia kutumika hadi asilimia 80, na kwa hiyo ya ampea-saa 30 hutosha. Bei yake huwa juu zaidi wakati wa kununua, lakini hudumu miaka mingi zaidi.

Betri ya gari, hasa iliyokwisha kutumika, haifai. Imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa nguvu ndogo usiku kucha. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na ununuzi wa betri ni mahali ambapo msemo huo hutimia mapema.

Kati ya paneli na betri sharti kiwepo kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Huzuia betri kujazwa kupita kiasi na hukata matumizi inapokaribia kuisha. Kwa paneli ya wati 50, kontrola ya ampea 10 inatosha na kuacha nafasi ya kuongeza paneli nyingine. Aidha, kontrola iwe ya aina inayolingana na betri, kwani betri ya lithiamu na ya tindikali hazichajiwi kwa namna moja. Inveta haihitajiki ikiwa taa, redio na chaja za simu ni za volti 12. Nayo yenyewe hula umeme hata isipotumika.

Mahali, paa na waya

Paneli iwekwe mahali pasipo kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kivuli cha tawi moja juu ya sehemu ndogo ya paneli huweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Kwa kuwa Kibakwe ipo kusini mwa Ikweta, paneli ielekezwe kaskazini, ikiwa na mwinuko mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, unaotosha kuteremsha maji ya mvua pamoja na vumbi.

Paa la udongo la tembe halishiki misumari ya fremu vizuri, na kulitoboa ni kukaribisha uvujaji. Kwa nyumba ya tembe, au ya nyasi, ni bora kusimamisha paneli juu ya nguzo imara pembeni. Kwenye paa la bati, iachwe nafasi ya upana wa kiganja chini ya paneli ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikipata joto sana hutoa umeme pungufu.

Nguzo ikiwa mbali, waya mwembamba utakula umeme njiani. Paneli ya wati 50 iliyo mita 15 kutoka kwenye betri, ikiunganishwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, hupoteza takribani volti moja jua linapokuwa kali. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti.

Usalama nao usisahauliwe. Fyuzi iwekwe karibu na betri, upande wa chanya. Betri ya tindikali hutoa gesi inayoweza kushika moto inapochajiwa; iwekwe penye hewa, mbali na kibatari, jiko na mahali wanapolala watoto. Wakati wa kuunganisha, betri iunganishwe na kontrola kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli ndiyo itangulie kutolewa.

Siku ya kurudi kijijini

Betri nyingi za shambani hazifi kwa kutumika. Hufa kwa kuachwa. Familia ikisharudi kijijini mwezi Juni na kuiacha betri ya tindikali kibandani ikiwa nusu, betri hiyo huendelea kuisha taratibu, mabamba yake hugandamana kwa chumvi, na Desemba hukataa kupokea chaji. Inapasa ijazwe kikamilifu kabla ya kuhama, ibebwe wima, ihifadhiwe penye kivuli na kuchajiwa tena angalau kila mwezi. Paneli nayo ishushwe na kupelekwa nyumbani, kwa kuwa kibanda kisicho na mtu hakina mlinzi. Fremu ifungwe kwa namna inayoruhusu kufunguliwa bila kuharibiwa.

Wakati wa matumizi, vumbi lipanguswe asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata joto. Betri ya maji ikaguliwe, na kinachoongezwa kiwe maji maalumu ya betri, si ya kisima.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi adai risiti na dhamana ya maandishi, aangalie alama ya ubora ya TBS, na asome wati na ampea-saa zilizoandikwa kwenye vifaa vyenyewe badala ya kuamini maelezo ya mdomo.

Wapo watakaovutiwa na mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mpango huo umewawezesha watu wengi Afrika Mashariki kupata taa, lakini una jambo la kupimwa. Malipo hudaiwa kila siku au kila mwezi, ilhali kipato cha mkulima huja mara moja kwa mwaka. Malipo yakikatika Februari, mfumo huweza kufungwa wakati ambao taa inahitajika zaidi. Mkataba usomwe, na iulizwe kama inaruhusiwa kulipa mapema kwa mkupuo baada ya mavuno.

Ujuzi wa kutunza mifumo hii si wa wasomi peke yao. Chuo cha Barefoot kilichopo Tilonia, nchini India, kimewafundisha ufundi wa sola wanawake wa vijijini, wakiwamo kutoka Tanzania, ambao wengi wao hawakupata elimu kubwa ya darasani. Vijana wa Kibakwe wanaweza kufanya hivyo kupitia mafunzo ya ufundi. Tena, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kufanya ufundi huo kuwa biashara vinaweza kuulizia mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu wananchi, karatasi na kalamu havigharimu gunia la karanga. Kila familia iandike orodha yake sasa, ijumlishe wati-saa, iongeze robo, igawanye kwa saa tatu, kisha iende dukani ikijua inachotafuta. Muuzaji akipendekeza kilicho pungufu ya hesabu hiyo, aulizwe kitafanyaje kazi siku ya pili ya mawingu.