Meli Isiyopokea Watoto

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni wiki hii)



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtasema halituhusu. Ni habari ya meli za kitalii, zile zinazobeba watu kwa maelfu kuzunguka bahari kwa ajili ya starehe tu. Tunaziona zikitia nanga Mombasa na Zanzibar. Watalii wanashuka kwa saa chache, wananunua vinyago, wanapiga picha, kisha honi inalia na wanarudi chomboni. Swali langu ni moja: je, ni haki meli ya namna hiyo kutangaza safari ya watu wazima peke yao, na kusema wazi kwamba mtoto hapandi?

Nitaeleza mapema nilipo, asije mtu akanisubiri hadi mwisho. Mimi nasema ni haki. Lakini haki hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo unatuhusu sisi wa Dar es Salaam kuliko unavyowahusu hao wenye meli.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Si wazo la kesho, ni biashara iliyokwisha kusimama. Kampuni ya P&O Cruises ya Uingereza ina meli inayoitwa Arcadia, ambayo tangu ianze kazi mwaka 2005 haichukui mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliitia meli yake nyingine, Aurora, katika utaratibu huo huo, huku nyingine zikiendelea kubeba familia. Viking nao walifunga mlango kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2018. Virgin Voyages, walioanza kubeba abiria mwaka 2021, hawana hata meli moja ya watoto. Na kampuni ya Saga imekwenda mbali zaidi: kwao hata miaka 30 ni utoto! Abiria awe ametimiza miaka 50, na mwenzi anayefuatana naye asipungue miaka 40.

Upande wa pili napo mambo yamepamba moto. Mwezi Januari 2024 meli ya Icon of the Seas ilianza safari zake kutoka Miami, Marekani. Inaweza kubeba abiria 7,600, na juu yake kuna mitelezo sita ya maji, mahali pa watoto kupiga kelele mpaka sauti iwakauke. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Anayetaka kelele ana chombo chake, na anayetaka kimya ana chake.

Basi ugomvi uko wapi?

Ugomvi nimeupata kwa binamu yangu anayeishi Southampton. Ana mke na watoto wawili, na mkubwa ana miaka tisa. Alidunduliza fedha, akachagua meli kwa kupendezwa na bandari zitakazopitiwa na bei iliyokuwa nafuu. Akapeleka majina. Alipofika mahali pa kujaza umri wa watoto ndipo alipoambiwa kwamba meli ile haipokei watoto. Aliniandikia kwa uchungu: "Kaka, huku mtoto amekuwa kitu cha kukatazwa melini kama baruti."

Uchungu wake naufahamu, kwa sababu tumelelewa pamoja. Kwetu sisi mtoto ni wa wote. Ukipanda daladala umesimama na mtoto mgongoni, mtu usiyemjua atamchukua ampakate mpaka utakaposhuka. Katika boti ya kwenda Unguja, mama akishikwa na kichefuchefu mtoto hupita mkono hata mkono, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Mtu aliyekulia hivyo, akiambiwa mwanawe hatakiwi, huona ametukanwa yeye na ukoo wake mzima.

Hata hivyo, nilimjibu binamu yangu kwa swali. Nilimwuliza: je, kadi za harusi za mjini kwetu amezisahau? Kadi inakuja imeandikwa kwa wino wa dhahabu, ina jina lako na la mwenzi wako, na chini kabisa imeandikwa: watoto hawaruhusiwi. Wengi wetu hatuoni kwamba bwana harusi anachukia watoto. Twajua ukumbi una viti vilivyohesabiwa na sahani zilizohesabiwa. Mtoto anabaki kwa bibi yake, nasi twaenda. Na kabla ya kadi hizo kulikuwa na ngoma za unyago na mabaraza ya wazee, ambako mtoto akichungulia anafukuzwa. Kwa hiyo kutenga muda wa watu wazima hatukujifunza kwa Wazungu. Tumekuwa nako siku zote.

Tena tukumbuke meli si hoteli. Hotelini ukikerwa na jirani utahamishiwa chumba kingine, au utatoka ukatembee. Baharini utakwenda wapi? Bandari hadi bandari inaweza kuwa siku mbili au tatu, na bwawa la kuogelea ni lile lile, na chumba cha kulia ni kile kile. Ukichanganya watu wanaotaka mambo mawili yanayopingana, unawatesa wote. Sisi huzungumza sana juu ya mzee anayesumbuliwa na mtoto. Nani anazungumza juu ya mtoto anayesumbuliwa na wazee? Mfikirie mtoto wa miaka minane, siku kumi na nne katika meli ya watu wanaosoma vitabu na kusinzia vitini. Usikimbie! Usiruke! Nyamaza! Hiyo si likizo kwake, ni kifungo.

Na hata meli za familia zina mipaka yao. Kampuni nyingi hazimchukui mtoto mchanga kabla hajatimiza miezi sita, na kwa safari za kukaa baharini siku nyingi mfululizo hutaka awe ametimiza mwaka mmoja, maana zahanati ya melini si hospitali ya rufaa. Meli zinazoingia bandari za Marekani hubanwa na kanuni za afya zinazokataza mtoto anayevaa nepi kuingia katika bwawa la wote. Hakuna anayesema kanuni hizo ni chuki. Umri ni kipimo, na kila kipimo hukata mahali fulani.

Sasa tuwaangalie hao wanaotaka kimya. Ni rahisi kuwachora kama watu wenye roho ngumu. Lakini yumo mwalimu aliyeshinda na watoto wa watu mwaka mzima. Yumo mama aliyelea sita na kuwaoza wote, ambaye kwa mara ya kwanza anakula chakula kikiwa bado cha moto. Na yumo mwanamke aliyezika mtoto, ambaye kila kicheko cha kitoto kinamrudisha kaburini. Huyo hatasema lolote. Atalipa nauli yake na kunyamaza. Nani kati yetu atamwambia amekosa?

Sikubaliani, hata hivyo, na wale wanaoitetea meli ya watu wazima kwa kuwashutumu watoto kwamba ndio wenye fujo. Nimewahi kulala katika hoteli moja ya pwani ambako usiku kucha waliimba, wakavunja chupa na kutukanana, na mdogo wao hakupungua miaka 40. Ulevi haujui umri. Mwenye meli aseme tu kwamba anauza utulivu. Asiseme kwamba anawakinga watu na watoto, kana kwamba watoto ni maradhi.

Sasa nije kwenye masharti.

La kwanza, tangazo liwe wazi. Neno la kwamba watoto hawapandi liandikwe juu, sambamba na bei na majina ya bandari, si chini kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Hapa binamu yangu ana haki kamili ya kukasirika. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010, ambayo vifungu vyake vya umri katika huduma vilianza kutumika Oktoba 2012, inamlinda mtu aliyefikisha miaka 18 na kuendelea. Aliye chini ya hapo hana kinga hiyo. Kwa hiyo kumnyima mtoto nafasi si kosa kisheria. Lakini kisichokuwa kosa kisheria kinaweza bado kuwa utovu wa adabu, na kumficha mteja hadi dakika ya mwisho ni utovu wa adabu.

La pili, likizo za shule ziheshimiwe. Huko England mzazi anayemtoa mtoto shuleni ili wakatembee anaweza kutozwa faini. Tangu Agosti 2024 faini hiyo imepanda kutoka pauni 60 hadi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na asipolipa mapema inaongezeka. Maana yake ni kwamba familia haina hiari. Itasafiri wakati wa likizo au haitasafiri kabisa. Kampuni yenye meli moja au mbili, ikizifanya za watu wazima mwezi wa Agosti, imeifungia familia mlango mkubwa iliyokuwa nao. Ifanye hivyo watoto wakiwa darasani, na hakuna atakayeumia. Kampuni yenye meli saba ni jambo jingine. Hiyo inaweza kutenga moja au mbili mwaka mzima, na ni vema ifanye hivyo, maana yule mwalimu niliyemtaja naye hana nafasi ya kusafiri ila wakati wa likizo za shule.

Na pale ambapo sehemu ya meli inatosha, isifungwe meli nzima. Disney, ambao jina lao ni la watoto hasa, tangu walipoanza na meli ya Disney Magic mwaka 1998 waliweka mgahawa ambao mtoto haingii. Mzazi anakula kwa utulivu, na mtoto anacheza hatua chache tu kutoka hapo, chini ya uangalizi wa watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Sasa niwarudishe nyumbani, maana ndiko ninakotaka kufika.

Miaka ya nyuma nilikuwa natafuta vyumba viwili vya kupanga hapa mjini. Mwenye nyumba mmoja alinipokea vizuri, akanionyesha vyumba, akataja kodi, nami nikakubali. Kisha akauliza: "Una watoto?" Nikamjibu ninao wawili. Akafunga mlango na kutia funguo mfukoni. "Mimi nataka mtu na mkewe tu," akasema. Wasikilizaji wangapi mmeambiwa maneno hayo? Wangapi mmemficha mtoto kwa shangazi yake mpaka mkataba utiwe sahihi?

Mtu anaweza kunikamata hapo na kuniambia: wewe umekubali mwenye meli amkatae mtoto, mbona mwenye nyumba unamlaumu? Wote si wanauza utulivu? Jibu langu ni hili. Safari ya meli ni starehe. Anayekosa meli hii atapata ile, na akikosa zote atalala kwake salama. Nyumba si starehe. Mtoto akikataliwa nyumba ya kwanza, ya pili na ya tatu, atalala wapi? Ndio mpaka niliousema. Ruksa kuuza utulivu pale ambapo anayekataliwa ana pengine pa kwenda. Si ruksa pale ambapo hana. Basi la abiria, kivuko, zahanati na chumba cha kupanga haviwezi kuandika mlangoni kwamba watoto hawaruhusiwi, hata kama mwenye mali ana hati zake zote.

Kwa hiyo namwambia binamu yangu asiigombe meli ile. Atafute yenye mitelezo, watoto wake wapige kelele washibe. Hasira yake aipeleke kwa walioficha sharti katika karatasi. Na sisi tuliobaki huku, kabla ya kuwacheka Wazungu kwa meli zao zisizo na watoto, tujiulize ni vyumba vingapi vya mtaani kwetu vimekaa vitupu miezi mitatu kwa sababu mpangaji aliyekuja alikuwa amemshika mtoto mkono.