Kupiga Picha Kwera Akijenga

Kwera dume hufuma kiota kwa majani mabichi anayoyachana kwa mdomo, kwani makavu hukatika yakikunjwa. Huanza na kitanzi, akasimama ndani yake na kufuma kila upande mdomo unapofika. Jike huja kukagua. Akikikataa, dume hukibomoa na kuanza upya, ustahimilivu unaostahili picha zaidi ya moja. Basi kamera ikae pale pale siku baada ya siku, asubuhi, jua likiwa nyuma ya mpiga picha, kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, maana kichwa cha fundi huyu hakitulii. Tawi linaloziba kiota lisikatwe kamwe: huwakinga makinda na jua na macho ya mwewe.