Kupenda mbwa ni kitu kimoja, kuishi kwa kazi ya mbwa ni kingine

(Maneno ya kikundi chetu cha mifugo mbele ya wanachama, kikao cha mwezi, Baraka)



Komite imetuomba tueleze kazi yetu, kwa sababu tangu tulipoomba mkopo mu kasha ya chama maneno yamekuwa mengi. Tumesikia: "Hawa vijana wanataka feza ya kununua mbwa!" Hapana. Mbwa tuko nao. Tunaomba sanduku ya baridi ya kubebea chanjo, sindano, na dozi za kuanzia. Njo hivyo tu.

Sisi wanne tunapenda wanyama tangu utoto, na munatujua. Kule kambini Tanzania karte ya chakula haikuhesabu mbwa. Ukimpa ugali, ni ugali wako. Na siku ya kupanda meli pale Kigoma, mbwa hawakuwa mu liste. Kila mmoja wetu aliacha mbwa wake kule. Kwa hiyo mtu akituambia tunacheza, tunanyamaza tu.

Mmoja kati yetu yeye ni wa farasi. Alimuona farasi kwa macho yake Lubumbashi, na tangu siku hiyo hasemi kitu kingine. Tulimwambia ukweli: hapa kwetu, kando ya ziwa, farasi hana maisha. Mbung'o, ile inzi inayouma, inamletea ugonjwa wa damu na anakufa upesi kuliko ng'ombe. Mnamo 1871 Stanley alitoka pwani kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa wakati safari ilikuwa bado mwanzo. Ujiji, ng'ambo yetu hapa, hakufika na farasi hata mmoja. Lakini Université ya Lubumbashi iko na fakilte ya udaktari wa mifugo, na anayemaliza masomo kule anajifunza farasi pamoja na ng'ombe na mbwa. Huyu ndugu yetu sasa anasaidia wachungaji kuchanja ng'ombe, na anaweka akiba ya masomo. Njia yake ni ndefu, lakini ni njia.

Sasa turudi kwa mbwa.

Munakumbuka yule mtoto wa shule aliyeumwa wakati wa mvua. Kidonda kilikuwa kidogo, pale kwa kifundo cha mguu. Walitia dawa ya majani, kikapona, watu wakasahau. Ilipita zaidi ya mwezi, akaanza kuogopa maji. Alipofika hospitali, hakukuwa tena kitu cha kufanya. Kichaa cha mbwa ni hivyo: dalili zikisha kuonekana, mtu anakufa, karibu bila kuachilia hata mmoja. Na kesho yake vijana wakatoka na fimbo, wakaua kila mbwa waliyekutana naye, hata wa mlinzi, hata wa mjane. Tunasema bila kuogopa: ile haikusaidia. Nafasi za wale mbwa zimejazwa na wengine waliotoka vijiji vya pembeni, na hakuna aliyechanjwa.

Shirika la Afya la Dunia linasema kama karibu watu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na kati ya mia, 99 wameupata kwa mbwa. Linasema pia kama mkichanja mbwa 70 kati ya 100 mahali fulani, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Sabini tu! Si wote. Mtaa wetu unaweza kufika pale.

Hapa njo kuna kazi. Kupenda mbwa kunakufanya ukubali kuamka usiku kwa sababu jike anashindwa kuzaa. Lakini hakuna mtu atakulipa kwa sababu unapenda. Atakulipa kama unajua kitu asichojua: kumshika mbwa bila kuumwa, kumfunga mdomo kwa kamba, kumpa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, kumtoa kupe, kumfundisha kukaa kimya mpaka aambiwe. Wenye depo Uvira na Bukavu wanatafuta mbwa wa ulinzi aliyefundishwa. Hapa wanatuletea tu watoto wa mbwa na kutuambia "mumfanye mkali". Mbwa mkali bila mafundisho ni hatari kwa mwenye nyumba mwenyewe, na hiyo kazi tunaikataa.

Na musifikiri kazi ya mbwa ni ya Wazungu. Kule Virunga, Rumangabo, tangu 2011 walinzi wa parke wanatembea na mbwa wa kunusa wanaofuata wawindaji haramu. Wanaowashika ni wana Kongo, na ni mshahara. Na wale mbwa wa wawindaji wetu, wadogo, mkia umekunjwa, wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti ili wasikike porini? Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930, na leo wanauzwa kwa dola nyingi kwa jina la Basenji. Hilo jina ni lile lile la "washenzi". Mbwa wa washenzi, njo walimaanisha. Sisi tunaowalisha tunawarushia mawe.

Juu ya mkopo. Chanjo inataka kukaa kati ya digri 2 na 8. Ikikaa kwa joto inaweza kupoteza nguvu, na mbaya zaidi, mtu atafikiri mbwa wake amelindwa. Kwa hiyo sanduku ya baridi inakuja kwanza, mbele ya pikipiki, mbele ya kibao cha mlangoni. Tutafanya kazi chini ya veterineri wa teritware, yeye atatia sahihi kila karte. Mwenye mbwa atalipa faranga kidogo, wajane na wazee hawatalipa, na deni tutarudisha kwa miezi kumi kama wale wa mikopo ya samaki.

Jambo moja la leo, hata mukitukatalia feza: mtu akiumwa, osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, kisha kimbieni hospitali siku hiyo hiyo muulize chanjo. Musingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sekretere iko na daftari. Kila mwenye mbwa aandike leo: jina lake, mtaa, mbwa ni wangapi, na kama kuna jike mwenye mimba.